Kukhu Amevuka Mpaka

Owora ndugu yangu,

Kukhu amewaka. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ungenikatiza salamu uniulize hilo kabla ya kuuliza watoto, mvua, wala afya yangu. Amewaka, na Jumamosi iliyopita amempeleka Akoth wako kanisani, kutoka Kirewa kijijini kwenu mpaka Busia upande wetu wa Kenya, akiwa na maua kwenye pua. Kidole gumba changu bado kimevimba, nitakueleza kwa nini, lakini naandika huku nacheka, na mke wangu ameshapita hapa mara mbili kuchungulia nina nini.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana mambo haya ni yako.

Tulipokuzika nilimfungia Kukhu kwenye banda lako pale Tororo, nikampa mkeo, shemeji yangu, ufunguo, nikarudi Busia kwa baisikeli. Sikutaka kumwona. Miaka kumi na mitatu tulikuwa watu wawili na gari moja, na kazi tuliigawana siku ile ile tuliyolinunua kwa yule mzungu aliyekuwa akirudi kwao: mimi usukani, wewe boneti. Nilikuwa najivunia kabisa kwamba sijawahi kushika spana. Watu wa Busia walipompa jina la Kukhu, yaani nyanya, kwa vile alikuwa mzee na mweusi na mwenye kelele, mimi ndiye niliyewapungia mkono dirishani. Wewe ulikaa kando yangu kimya, kucha zimejaa mafuta, unasikiliza injini. Tulibeba wagonjwa, tulibeba maharusi, tulibeba marobota ya pamba. Kisha tumbo likakushika Jumatatu, na Ijumaa tukawa tunachimba kaburi. Sasa nani angefungua boneti?

Miezi minane ilipita hivyo. Halafu asubuhi moja nikamwona Akoth mlangoni kwangu, amevaa sare yake ya ukunga, amevuka mpaka kwa miguu. Anaolewa, akasema. Mume ni Egesa, yule mwalimu mrefu wa hapa Busia, kijana mpole ambaye ulipenda kumtania kwamba anaandika ubaoni bila kunyoosha mkono. Nikafurahi, nikamwita mke wangu, tukampa chai. Akaiweka chini bila kuinywa.

"Baba Wandera," akaniambia, "baba alisema nitaenda kanisani na Kukhu. Mimi sitaki gari ingine."

Kumbe kaka yako Obbo alikuwa ameshatafuta gari la tajiri mmoja wa Tororo, jipya, lenye mabati yanayong'aa hata kwenye magurudumu. Obbo hakuwa na nia mbaya. Alisema ni aibu bibi harusi akutwe njiani amekaa juu ya jiwe, mvuke unatoka garini kama chungu cha mihogo. Na ukweli ni kwamba nilimwona ana haki. Hata ulipokuwa hai, Kukhu alichemka mara nyingi, na akishapata moto hakukubali kuwaka tena mpaka apende mwenyewe. Lakini yule mtoto ana paji lako la uso, Owora. Alisimama pale akaniangalia kama ulivyokuwa ukiniangalia nikichelewa. Nikasema sawa, nitamtengeneza.

Obbo akanipa wiki mbili. Jumapili ya kabla ya harusi angepanda mwenyewe, kutoka Tororo mpaka Busitema na kurudi. Kukhu akichemka, litakuja gari la tajiri.

Basi nikaenda Tororo. Shemeji akafungua banda, na mimi nikafungua boneti kwa mara ya kwanza maishani mwangu bila wewe kuwa upande wa pili. Nilikuta mikono yako kila mahali. Nyaya umezifunga kwa vipande vya mpira wa baisikeli, na fundo lako lile la kuzungusha mara mbili. Nilisimama pale nikalia, sitakuficha. Shemeji akanishika bega. Halafu ghafla akainama, akachomoa kitu kando ya betri. Ulikuwa mwiko wake wa ugali, Owora. Mwiko aliokuwa akiutafuta mwaka mzima, uliomfanya awashuku majirani, na wewe ulikuwa umeuchonga ukawa kigingi cha kuzuia betri isicheze. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye tairi. Na mimi nikacheka. Baada ya hapo kazi ikawa kazi, haikuwa msiba tena.

Betri ilikuwa imekufa, tukaipeleka kuchajiwa kwenye kituo cha petroli. Niliirudisha, nikajaribu, injini ikazunguka na kuzunguka bila kushika hata mara moja. Mimi nilitaka kuanza kufungua kila kitu. Nilikuwa nimeshashika spana kubwa kuliko zote. Hapo nikasikia maneno yako, kwa Kiswahili chako kile nilichokuwa nakicheka, kama wewe ulivyocheka Kidhopadhola changu: "Wandera, acha kufungua. Uliza yeye petroli iko, uliza yeye moto iko, uliza yeye maji natembea. Moja moja."

Nikauliza petroli. Ile ya zamani ilikuwa inanuka kama rangi, na kile kikombe cha kioo kinachochuja uchafu kilikuwa na tope. Nikamwaga, nikaosha, nikatia mpya. Bado.

Nikauliza moto. Akoth alikuwa amekuja baada ya zamu yake, akashika hendeli pale mbele kuzungusha injini, na mimi nikachomoa waya wa plagi nikausogeza karibu na chuma, kama nilivyokuona ukifanya. Hakuna cheche. Giza tupu. Nikafurahi, unajua, kwa sababu angalau nilikuwa nimepata jibu. Nikafungua kile kifuniko cheusi, nikaona zile pointi mbili ndogo zinazogongana zimeota kutu nyeupe. Nikazisugua kwa msasa laini mpaka zikang'aa. Kuhusu nafasi ya kuacha katikati sikuwa na kipimo, lakini nilikukumbuka ukirarua ganda la kiberiti na kulipitisha pale, likipita kwa shida kidogo unasema basi. Nikararua la shemeji. Likapita kwa shida kidogo. Nikasema basi.

Tukajaribu tena, cheche ikaruka ya buluu, Akoth akapiga kigelegele. Nami kwa furaha nikamnyang'anya hendeli nizungushe mwenyewe, nikasahau yale uliyokuwa ukimwambia kila mtu: kidole gumba kikae upande mmoja na vingine. Kukhu akawaka kwa mlipuko, hendeli ikarudi nyuma, kidole changu kikapigwa vibaya. Kuku wa jirani walitawanyika mpaka barabarani. Nilirukaruka pale uani nimeshika mkono, injini inanguruma, shemeji anacheza, na Akoth ananifuata na bandeji huku anacheka. Mtu angepita angedhani harusi imeanza.

Lakini kuwaka ni jambo moja. Kesho yake nikamtoa barabarani kuelekea Malaba, na kabla sijafika mbali mvuke ukatoka. Nikarudi pole pole kwa aibu. Nikauliza maji. Kwanza nikakaza mkanda wa feni, ulikuwa umelegea. Akachemka. Nikaishusha rejeta, nikatoa nyasi na panzi waliokauka kwenye matundu yake, nikaiosha ndani kwa maji ya magadi siku nzima, ikatoka kutu nyekundu ndoo kwa ndoo. Nikajisifu sana. Akachemka. Akisimama bandani anapumua vizuri tu, maji yametulia. Akikimbia barabarani, anachemka. Sikuelewa. Siku zilikuwa zinakwisha, na Obbo alipita mara moja akaangalia ndani ya banda, akasema pole, akaondoka. Ile pole iliniuma kuliko kidole.

Alhamisi nilikuwa nimekata tamaa. Nilikuwa nimekaa kwenye usukani, nakanyaga mafuta kwa hasira, injini inapiga kelele nyingi, na Akoth amesimama mbele anaangalia boneti ikiwa wazi. Nikamwona anainama.

"Baba, hii mpira ya chini inanywea," akasema. "Kama mshipa wa mgonjwa aliyepoteza damu."

Nikaachia mafuta, mpira ukajaa. Nikakanyaga, ukabanana kabisa, kuta zake zikagusana. Owora, ule mpira mnene unaotoa maji chini ya rejeta ulikuwa umelainika kwa ndani kama ndizi iliyoiva. Injini ikienda polepole maji yanapita. Ikikimbia, pampu inavuta kwa nguvu, mpira unajifunga, na maji hayatembei. Ndiyo maana bandani alikuwa mzima na barabarani mgonjwa. Mimi nilikuwa nimeosha rejeta siku nzima, na mkunga akaona ugonjwa kwa macho yake kabla hajamaliza kikombe cha chai.

Mpira mpya tuliupata kwa yule Muhindi wa spea karibu na stesheni, naye akaniuliza habari zako hajui kwamba umekufa. Nilipomwambia alivua miwani. Halafu akanishauri niweke waya ndani ya mpira ili usinywee tena. Nikauzungusha waya wa senyenge usio na miiba kwenye mpini wa ufagio mpaka ukawa kama springi, nikausukuma ndani. Mara hii Kukhu alikwenda mpaka Malaba na kurudi, na mshale wa joto ukakaa katikati kama umelala.

Jumapili ikafika. Obbo akakaa nyuma na kofia yake magotini, Akoth akakaa mahali pako, tukashika njia ya Busitema. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka tulipoanza kupanda kabla ya msitu. Unanijua mimi na milima. Napenda kupanda na gia kubwa, bila kubadilisha, watu waone dereva. Basi mshale ukaanza kupanda pamoja na sisi. Nikaona Obbo kwenye kioo anasogea mbele. Jasho likanitoka. Na katika ule ukimya nikahisi kuna kitu kimekosekana, kitu ambacho kwa miaka yote kilikuwa kinatokea mahali pale pale. Nikatafuta ni nini. Ilikuwa kikohozi chako.

Kila mlima ulikuwa unakohoa, Owora. Unakohoa mara mbili, kwa nguvu, unageukia dirisha. Mimi nilikuwa nakuambia pole, vumbi hili, na nikijiandaa kukupa chupa ya maji mguu unapanda klachi, mkono unatelemka kwenye gia, nabadilisha kwa sababu nimepunguza mwendo. Nikabadilisha gia pale pale, nikaweka ndogo. Injini ikaacha kuguna, ikaanza kuimba, feni ikazunguka kwa kasi, na mshale ukarudi chini taratibu. Nilicheka kwa sauti. Obbo akadhani nimechanganyikiwa.

Miaka kumi na mitatu umenifundisha kuendesha gari kwa kikohozi. Ulijua ukiniambia ningenuna wiki nzima, kwamba fundi ananifundisha usukani. Kwa hiyo ulikohoa. Sijui nimlaumu nani, wewe kwa ujanja wako au mimi kwa kichwa changu. Nakushukuru tu. Ningependa ningekushukuru ukiwa umekaa hapa.

Tuliporudi Tororo Obbo alishuka, akaweka kiganja juu ya rejeta, akakiacha pale muda mrefu kama mtu anayepima homa ya mtoto. Alivaa kofia yake akaenda kumwambia tajiri asijisumbue.

Sasa Jumamosi yenyewe. Vijana wa Kirewa walikuwa wamefyeka njia mpaka uani kwako, kwa hiyo Kukhu alisimama mlangoni kabisa. Shemeji alivaa gomesi ya kijani, yenye mkanda wa dhahabu. Akoth alipotoka na gauni jeupe wanawake waliimba mpaka nikashindwa kuangalia, nikajifanya napangusa kioo. Obbo alikuwa na kanzu nyeupe na koti jipya jeusi juu yake, anatembea kama yeye ndiye bwana harusi. Tukapita mbele ya kaburi lako polepole, nikapiga honi mara tatu. Nadhani ulisikia. Kila mtu alisikia.

Tulipanda vizuri. Tulipita Busitema vizuri, nikabadilisha gia kabla ya kuambiwa na mtu yeyote. Mpakani, tukakuta foleni ya malori ya pamba, jua la saa tano linawaka. Tukasimama, tukasogea, tukasimama. Padri alikuwa anatungoja ng'ambo, naona hata mnara wa kanisa. Na hapo hapo Kukhu akakohoa mwenyewe, akazima.

Nikabonyeza, hakuwaka. Nikatoka na hendeli, hakuwaka. Magari ya nyuma yakaanza honi. Shemeji alifumba macho akaanza kusali kwa midomo tu. Nikamwona Obbo anashuka, nikajua sasa nitaambiwa. Nilifungua boneti na nikauliza moja moja. Maji yalikuwepo, tena yametulia. Moto, nikasogeza waya, cheche ya buluu. Petroli, nikaangalia kile kikombe cha kioo: kitupu, mapovu tu. Tangi lilikuwa limejaa, lakini bomba na pampu vilikuwa vimeshika joto la injini kiasi kwamba petroli imegeuka mvuke humo ndani na haiwezi kupita. Ndiyo ile tabia yake ya zamani ya kukataa kuwaka akiwa na moto. Haikuwa tabia. Kumbe siku zile ukimwagia kitambaa maji na kumfunika pale huku unanituma nikanunue sigara, sigara haikuwa ya lazima.

Nikasema nahitaji kitambaa kikubwa chenye maji, haraka. Wanawake wakaanza kuangaliana, kila mmoja amevaa nguo yake bora. Hapo Obbo akavua koti. Lile koti jipya. Askari mmoja wa mpakani akaleta debe la maji, Obbo akalizamisha mwenyewe, akalikamua kidogo, akanipa. "Tandika," akasema. "Ndugu yangu alikuwa natandika hata shati."

Nikalitandika juu ya pampu na bomba, likatoa mvuke. Tukangoja. Askari akaja kuchungulia, madereva wa malori wakaja, mama mmoja anayeuza maembe akaja na ushauri wake. Akoth alikuwa ametoa kichwa dirishani, shela imefungwa kisogoni asiichafue, ananiuliza kikombe kimejaa au bado. Kikaanza kujaa. Nikaiona petroli inapanda, safi kabisa, mpaka juu. Nikashika hendeli lakini Obbo akanisukuma kando kwa upole kwa sababu ya kidole changu. Akazungusha mara moja, gumba lake upande mmoja na vingine. Kukhu akawaka.

Sijui kama nimewahi kusikia kelele kama zile. Madereva wa malori walipiga honi, safari hii za kutushangilia, wakatupisha mbele ya foleni, na yule askari akatupungia mkono bila kuuliza karatasi yoyote. Tulifika kanisani tumechelewa kidogo, Obbo amevaa kanzu tupu na koti lililolowa mkononi, akamshika Akoth mkono akampeleka mbele. Egesa alikuwa amesimama pale ametoka jasho kuliko Kukhu. Wakaapa. Tukala, tukacheza mpaka jua likashuka, Wasamia na Wapadhola, kila upande unataka ngoma yake, na shemeji amecheza zote.

Katikati ya ngoma Akoth alinijia. Alisema anahamia Busia, lakini kina mama wa kuzaa wako pande zote mbili, mpaka Tiira kwa wachimba dhahabu, na mkunga kwa baisikeli hufika mtoto ameshalia. Anataka kujifunza gari. Nikamwangalia Egesa, nikitegemea atakataa. Egesa akasema yeye mwenyewe anaogopa gia, bora mke ajue.

Kwa hiyo nakuahidi, Owora. Sitamuuza Kukhu, hata wakija na gari jipya kubadilishana. Akoth nitamfundisha, na nitaanza na boneti: petroli, moto, maji, moja moja, mpaka aniambie yeye kabla sijamwambia mimi. Usukani baadaye. Tunaanza Jumanne kwenye uwanja wa shule, watoto wakiwa wamekwenda nyumbani, maana nyanya mwenyewe breki zake bado sijaziuliza.

Pumzika, ndugu yangu. Shemeji hajambo, Obbo amelianika koti lake na anamwonyesha kila mgeni doa la mafuta. Huku tuko salama. Tuna kelele tu.

Wako,
Wandera